Gandhi na Safari Zake za Miguu: Lamu, Johannesburg, Haridwar

Doornfontein ni mtaa wa kale wa Johannesburg, mashariki ya katikati ya mji. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886, matajiri wa migodi walijenga majumba yao huko. Baadaye walihamia vilima vya Parktown, na Doornfontein ikaingiwa na Mayahudi wa hali ya chini waliotoka Lithuania na nchi za jirani. Sinagogi lao, lenye simba wawili wa chuma penye ngazi, lilijengwa mwaka 1906 na limesimama mpaka leo. Mtaa unaopakana nao ni Troyeville, na humo, katika barabara ya Albemarle, katika miaka hiyohiyo aliishi wakili mmoja wa Kihindi pamoja na mkewe na watoto. Kazi yake ilikuwa mjini, barabara ya Rissik, na mwendo wake wa kawaida ulikuwa kwa miguu.

Wakili huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye dunia ilikuja kumwita Mahatma. Habari zake za kupigania uhuru wa India zimeandikwa sana na watoto wetu wanazisoma shuleni, hata hapa Ghuba. Mimi nataka kumfuata kwa njia nyingine, yaani kwa miguu yake. Mtu huyu alitembea. Alitembea kwenye vilima vya Wazulu akibeba machela, akavuka mpaka wa Transvaal na maelfu ya wafanyakazi nyuma yake, akaenda bila viatu kwenye mto ambao Mabaniani wanauona ndio mtakatifu kuliko yote, na uzeeni akapita vijiji vya Bengal juu ya madaraja ya mianzi. Na safari yake ya kwanza ya Afrika ilipita kwetu.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 Porbandar, bandari ya Kathiawar ambayo manahodha wa Sur, Maskati na Unguja waliijua vizuri. Baba yake alikuwa diwani, yaani waziri wa mtawala wa pale. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa ibada na kufunga. Alimwoa Kasturba mwaka 1883, wote wawili wakiwa watoto wa miaka kumi na mitatu hivi, kwa desturi ya wakati ule. Alisoma sheria London kutoka 1888 mpaka 1891. Aliporudi Bombay kazi haikumwendea, kwani alikuwa na haya hata ya kusimama mbele ya hakimu. Basi ulipokuja ujumbe kutoka kampuni ya Dada Abdulla, Waislamu wa Porbandar waliokuwa na biashara kubwa na meli huko Natal, aliupokea kwa furaha. Mshahara ulikuwa pauni 105, chakula na malazi juu yao, na nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi. Kesi ilikuwa ya ndugu kwa ndugu: Dada Abdulla alimdai jamaa yake, Sheth Tyeb Haji Khan Muhammad wa Pretoria, pauni 40,000.

Aliondoka Bombay mwezi wa Aprili 1893. Baada ya siku kumi na tatu hivi meli ilitia nanga Lamu. Nahodha alikuwa amemfundisha mchezo wa sataranji njiani na walikwisha kuwa marafiki. Alimwonya asichelewe, maana bandari ya Lamu ina mkondo mkali. Gandhi alishuka, akaenda posta, akawakuta makarani wa Kihindi na kuzungumza nao, akawatazama na wenyeji na maisha yao. Wakati wa kurudi mashua ilijaa watu, na mkondo ukawa unaisukuma mbali kila ilipokaribia ngazi ya meli. Honi ya kuondoka ilikwisha kulia. Nahodha alikuwa juu akitazama, akaamuru meli ingoje dakika tano zaidi. Rafiki mmoja akamkodia Gandhi mashua nyingine kwa rupia kumi, na ilipofika, ngazi ilikwisha inuliwa. Akavutwa juu kwa kamba. Wenzake waliokuwa kwenye mashua ya kwanza walibaki Lamu. Mtu wa Lamu anayesoma habari hii atacheka, kwa sababu mkondo ule anaujua, na anajua pia ni wageni wangapi uliowatia adabu.

Kutoka Lamu walipita Mombasa, kisha wakafika Unguja na kukaa siku nane au kumi wakingoja meli nyingine. Sayyid Hamid bin Thuwaini alikuwa ndiyo kwanza amekalia kiti cha usultani, mwezi wa Machi mwaka uleule, na jumba la Beit al-Ajaib lilikuwa limesimama miaka kumi pale forodhani. Gandhi alipanga chumba mjini na kuzunguka sana. Kilichomstaajabisha ni ukijani wa nchi, na ukubwa wa miti na matunda. Jambo jingine lililompata Unguja aliliandika mwenyewe baadaye bila kuficha: nahodha yule rafiki alimtoa matembezini usiku na kumpeleka kwenye nyumba ya wanawake wa njia mbaya. Alitoka kama alivyoingia, na kwa maisha yake yote aliuhesabu usiku ule kuwa Mungu ndiye aliyemwokoa.

Mwisho wa Mei alifika Durban. Wiki chache baadaye alitolewa kwa nguvu ndani ya behewa la daraja la kwanza pale Pietermaritzburg, akakesha stesheni na baridi ya milimani, kwa sababu abiria mmoja mzungu hakutaka kukaa naye. Kisa hicho kinajulikana. Kisichojulikana sana ni cha baada yake, kwenye gari la farasi kutoka Charlestown. Msimamizi wa gari alimtaka akae chini ya miguu ya dereva. Alipokataa alipigwa makofi mbele ya abiria, naye akishika chuma cha gari asivutwe chini, mpaka abiria wenyewe wakaona haya na kumkataza yule mtu. Jioni, Standerton, walikuwapo wafanyabiashara Waislamu wanamngoja wampokee. Hili lirudiwe kila mahali habari zake zinaposimuliwa: katika miaka yake ya mwanzo ya Afrika Kusini, mara nyingi nyumba iliyomfungulia mlango ilikuwa ya Mwislamu.

Kesi ya Pretoria aliimaliza kwa suluhu, na Sheth Tyeb akaruhusiwa kulipa kwa mafungu asifilisike. Gandhi alikuwa arudi kwao mwaka 1894, lakini akazuiwa na wenyewe ili awasaidie kupinga sheria ya kuwanyima Wahindi wa Natal kura. Kukaa kwake kukawa miaka ishirini na moja, na mapumziko machache katikati.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwetu sisi watu wa asili ya Afrika Mashariki si dogo. Katika miaka hiyo ya mwanzo, Gandhi aliwaandika Waafrika kwa maneno ya dharau. Alipigania Wahindi wa Durban wapate mlango wao posta ili wasipite mlango mmoja na Waafrika, na mwaka 1904 alilalamika kwamba Waafrika wamewekwa pamoja na Wahindi kwenye makazi yao ya Johannesburg. Maandishi hayo yapo na hayakuzuliwa na mtu. Kwa sababu hiyo sanamu yake iliyowekwa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, mwaka 2016 iliondolewa Desemba 2018, na ile ya Johannesburg ilimwagiwa rangi nyeupe Aprili 2015. Wapo wanaosema alikuwa kijana wa zama zake. Kwangu mimi udhuru huo hautoshi, kwa sababu wapo wa zama zilezile ambao hawakuandika hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba mtu yule hakubaki alipokuwa, na nadhani vilima vya Wazulu vilikuwa na sehemu yao katika jambo hilo.

Mwaka 1906 Wazulu wa Natal waliinuka chini ya Bambatha kupinga kodi ya kichwa. Gandhi alijitolea upande wa serikali ya Kiingereza, akapewa cheo cha sajini meja na kikosi kidogo cha Wahindi kama ishirini na wanne cha kubeba machela. Alitegemea kuona vita. Alichokiona ni askari wenye bunduki wakizunguka vijiji vya milimani, na watu waliopigwa viboko mpaka ngozi kupasuka. Wauguzi wa kizungu hawakutaka kuwagusa majeruhi hao, na vidonda vilikuwa vinaoza. Basi kazi ya Wahindi ikawa kuosha vidonda vya Wazulu. Walitembea kwenye nchi ile ya mabonde na vilima, ambamo kijiji na kijiji viko mbali sana, siku nyingine mpaka maili 40, machela mabegani. Huko, katika ukimya wa njia ndefu, ndiko alikoamua kuishi maisha ya kujinyima mpaka kufa kwake.

Aliporudi Johannesburg alikuta muswada wa sheria mpya. Kila Mhindi, na kila Mwarabu na Mturuki wa Transvaal, ajiandikishe na kutoa alama za vidole vyote kumi, atembee na cheti chake, na polisi aweze kumtaka cheti hicho hata ndani ya nyumba. Leo sote tunaweka vidole vyetu juu ya kioo bila kuuliza, kila baada ya miaka michache, na karani anatwambia tubonyeze zaidi. Wakati ule alama za vidole zilikuwa za wahalifu. Tarehe 11 Septemba 1906 walikusanyika watu kama 3,000 katika ukumbi wa Empire Theatre. Aliyesimama akataka watu waape kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hawataitii sheria hiyo hakuwa Gandhi. Alikuwa Sheth Haji Habib, mfanyabiashara wa Kigujarati. Gandhi alishtuka, kisha akawaeleza watu uzito wa kiapo: kwamba anayekula kiapo anakula peke yake, na atabaki nacho hata wengine wote wakikimbia. Wakaapa wote, wamesimama.

Januari 1908 alifungwa. Kabla ya mwisho wa mwezi alipatana na Jenerali Smuts: Wahindi wajiandikishe kwa hiari yao, na sheria iondolewe. Wengi waliona wameuzwa. Tarehe 10 Februari, alipokuwa njiani kwenda kujiandikisha wa kwanza, alivamiwa na Mpathani mmoja, Mir Alam, aliyekuwa mteja wake, akapigwa fimbo mpaka akazimia. Mchungaji wa Kibaptisti, Joseph Doke, alimchukua nyumbani kwake akamuuguza. Gandhi alipozinduka alitaka Mir Alam asishtakiwe, na jioni akamwomba binti mdogo wa Doke, Olive, amwimbie wimbo wa dini aliokuwa akiupenda. Doke ndiye aliyeandika kitabu cha kwanza cha maisha ya Gandhi, kikatoka mwaka 1909. Naye alikuwa msafiri: mwaka 1913 alikwenda kutembelea vijiji vya Walamba, Rhodesia ya Kaskazini, na wakati wa kurudi akafia Umtali. Mwanawe Clement aliishi na Walamba miaka mingi, kisha akawa profesa mkubwa wa lugha za Kibantu Johannesburg. Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili wanamtaja mpaka leo, na wachache wanajua kwamba ujanani aliishi nyumba moja na Gandhi mgonjwa.

Smuts hakuiondoa sheria. Tarehe 16 Agosti 1908, mbele ya Msikiti wa Hamidia, Fordsburg, vyeti zaidi ya 2,000 vilitiwa kwenye sufuria kubwa, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Mir Alam alikuwapo, akakiri kosa lake, wakapeana mikono.

Imamu wa Hamidia alikuwa Abdul Kadir Bawazir. Jina hilo wasomaji wetu wenye asili ya Hadhramaut hawahitaji kuelezwa. Baba yake alikuwa Mwarabu, mwadhini wa Msikiti wa Ijumaa wa Bombay. Imamu Bawazir alikuwa mtu wa kupenda starehe, wa kupanda gari hata kwa safari fupi, na watu walishangaa kumwona anakubali jela. Alikwenda jela zaidi ya mara moja. Baadaye alihama na ahali zake kumfuata Gandhi mpaka India, akajengewa nyumba ndani ya makazi yake kando ya mto Sabarmati, iliyoitwa Imam Manzil. Mwaka 1930, akiwa mzee, alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya chumvi ya Dharasana, ambako watu walipigwa marungu bila kuinua mkono.

Mwaka 1910 rafiki wa Gandhi, Hermann Kallenbach, msanifu wa majengo na Myahudi, alitoa shamba lake la ekari 1,100 huko Lawley likaliwe na familia za waliofungwa. Waliliita Tolstoy. Lilikuwa maili 21 kutoka Johannesburg, na kanuni yao ilikuwa kwamba mwenye shughuli zake binafsi mjini aende kwa miguu. Waliondoka saa nane za usiku, chakula chao mkononi, wakarudi jioni. Ramadhani ilipoingia Gandhi aliwahimiza vijana wa Kiislamu wafunge, na Mabaniani, Maparsi na Wakristo waliokuwa pale wakafunga nao. Alihakikisha wapo watakaopika futari na daku.

Machi 1913 Jaji Searle wa Cape aliamua kwamba ndoa isiyofungwa kwa taratibu za Kikristo haitambuliwi na sheria. Kesi ilikuwa ya Bai Mariam, mke wa Hassan Esop, aliyezuiwa kuingia nchini kwa mumewe. Kwa hukumu hiyo mama zetu wote wangekuwa si wake wa mtu, na watoto wao hawana urithi. Hapo Kasturba, ambaye mpaka wakati ule alikuwa mtu wa nyumbani, aliuliza kama yeye sasa ni mke au si mke, akaenda kufungwa miezi mitatu pamoja na wenzake. Msichana wa Kitamil, Valliamma, aliyefungwa kwa sababu ya harakati hizohizo, alitoka jela akiwa na homa na kufa Februari 1914. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Ilikuwapo pia kodi ya pauni 3 kwa mwaka juu ya kila kibarua aliyemaliza mkataba wa mashamba. Wafanyakazi wa migodi ya makaa ya Newcastle waligoma, wakafukuzwa kwenye nyumba za makampuni. Gandhi akawachukua maili 36 za kupanda mpaka Charlestown, chini ya mlima Majuba. Mgao ulikuwa ratili moja na nusu ya mkate na wakia moja ya sukari kwa siku. Watoto wawili wachanga walikufa. Mmoja aliuawa na baridi, na mwingine alimponyoka mama yake walipokuwa wanavuka kijito. Mama yule hakurudi nyuma. Tarehe 6 Novemba 1913 alfajiri walivuka mpaka wa Transvaal: wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57. Gandhi alikamatwa mara tatu ndani ya siku nne, na kila alipoondolewa msafara uliendelea mpaka Balfour, ambako watu walipakiwa kwenye treni na kurudishwa Natal. Mwaka uliofuata kodi ilifutwa na ndoa zikatambuliwa. Tarehe 18 Julai 1914 aliondoka Cape Town, asirudi tena Afrika.

Alipofika India mwaka 1915 mwalimu wake wa siasa, Gokhale, alimtaka azunguke nchi mwaka mzima bila kuhutubia mambo ya siasa. Alisafiri treni daraja la tatu. Mwezi wa Aprili alikuwa Haridwar, mahali ambapo Mto Ganges unatoka milimani na kuingia nchi tambarare. Ulikuwa mwaka wa Kumbh, mkusanyiko wa Mabaniani unaofanyika hapo kila miaka kumi na miwili, na yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walisemekana kufika laki kumi na saba. Vijana wake wa Afrika Kusini walikuwa na kazi ya kufukia vyoo vya mahujaji. Gandhi alishinda hemani, akijibu watu waliokuja kumwangalia kama kitu cha ajabu, na hilo lilimchosha.

Alichokiona huko kilimuumiza. Alikuta wenye majoho ya kidini waliokuja kula tu. Alionyeshwa ng'ombe wa miguu mitano, akaambiwa ni muujiza, kisha akajua kwamba mguu wa tano ulikatwa kwa ndama hai na kushonwa begani mwa yule ng'ombe ili wajinga watoe pesa. Akaenda bila viatu kupanda mpaka Rishikesh, kisha Lakshman Jhula, penye daraja la kuning'inia juu ya mto. Uzuri wa milima na mto ulimgusa sana, na hakuacha kuwasifu wahenga walioona Mungu katika mahali kama pale. Lakini watu walikuwa wanajisaidia ukingoni, mita chache kutoka wanapochota maji ya baraka, na daraja la kamba la zamani lilikwisha badilishwa kwa chuma kisicho na sura. Mtawa mmoja alimlaumu kwa kutovaa uzi mtakatifu wa Kihindu, naye akakataa kuuvaa, kwa kuwa watu wa tabaka la chini walikatazwa kuuvaa. Kwa kujiadhibu kwa madhambi ya ibada ya watu wake, aliweka nadhiri palepale: kwa siku nzima hatakula zaidi ya vitu vitano, na hatakula baada ya jua kuchwa. Aliishika mpaka mwisho.

Milima ya Himalaya aliiona tena mwaka 1929. Alikuwa amechoka, akapelekwa Kausani, kijiji cha Kumaon kinachotazama vilele vya theluji, kwenye nyumba ya wageni ya shamba la chai. Alikusudia kulala siku mbili, akakaa wiki mbili, akimalizia utangulizi wa tafsiri yake ya Gita. Mwaka 1938 alizunguka vijiji vya Wapathani, mpakani mwa Afghanistan, akiwa mgeni wa Khan Abdul Ghaffar Khan, aliyekuwa amewashawishi watu wale wa bunduki na visasi kuapa kutopigana. Mpathani alimpiga Johannesburg karibu na kumuua, na Mpathani ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa marafiki wake wa dhati.

Nyumbani hakuwa na raha hivyo. Harilal, mwanawe mkubwa, aliyefungwa mara nyingi pamoja naye Afrika Kusini, aliachana naye kwa uchungu, akaingia ulevini. Mwaka 1936 alisilimu na kujiita Abdulla. Baba alisema kwa hadharani kwamba kama angesilimu kwa moyo yeye asingekuwa na la kusema, lakini aliona ni madeni na pombe. Baada ya miezi michache Harilal aliacha. Ni sehemu ya maisha ya Gandhi ambayo wapenzi wake huipita mbio.

Oktoba 1946 Mabaniani waliuawa na kusilimishwa kwa nguvu Noakhali, Bengal ya Mashariki, na mara baadaye Waislamu waliuawa kwa maelfu Bihar. Gandhi, mwenye miaka 77, alikwenda Noakhali. Ni nchi ya maji na mito, na vijiji vyake vimezungukwa na minazi na mipopoo. Aliyeizoea Pemba asingejiona mgeni sana. Baina ya kijiji na kijiji huvukwa kwa mti mmoja wa mwanzi, na mzee yule alijifunza kuvuka asubuhi na mapema wakati wenzake wamelala. Alivua viatu kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Kwa wiki saba alipita vijiji 47, maili 116. Njia yake ilitiwa vinyesi na miiba. Aliinama akafagia kwa majani, akaendelea. Mwanafunzi wake Bibi Amtus Salam, Mwislamu wa Patiala, alifunga kula siku 25 katika kijiji kimoja ili Waislamu wenzake warudishe upanga wa hekalu la Mabaniani. Machi 1947 Gandhi akaenda Bihar, kuwaambia Mabaniani yaleyale aliyowaambia Waislamu, na kuwataka warudishe walichopora.

Mwaka 1948 ulimkuta Delhi. India na Pakistan zilikwisha gawanywa, misikiti ya Delhi ilikuwa imekaliwa na wakimbizi, na Waislamu wa mji walikuwa wanajificha. Januari 13 alianza kufunga kula, akitaka misikiti irudishwe na Waislamu waweze kufanya hauli ya Khwaja Qutbuddin Bakhtiar Kaki, Mehrauli, kama kila mwaka. Viongozi wa mji walitia saini siku ya sita. Tarehe 27 Januari alikwenda mwenyewe kwenye kaburi la walii yule, akakaa na watu waliokuja kuzuru. Siku tatu baadaye, jioni, akitembea kwenda kwenye sala ya watu wote, alipigwa risasi tatu na Nathuram Godse, Mhindu aliyeona kwamba mzee huyu amewapendelea mno Waislamu.

Aliteketezwa kwa desturi yao kando ya Mto Yamuna. Majivu yaligawanywa: sehemu kubwa ilimwagwa Allahabad, mahali Yamuna unapokutana na Ganges, na mafungu madogo yakatumwa kwenye mito mingine. Fungu moja lililobaki kwa familia lilimwagwa baharini Durban, mwezi wa Januari 2010. Na fungu jingine lililetwa Uganda mwaka 1948, likatiwa kwenye maji ya Nile pale Jinja, mto unapotoka ziwani. Pana sanamu yake, iliyozinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral. Anayekwenda kuitembelea hushuka kwa miguu mpaka ukingoni, na mashua za kukodi ziko palepale.